Asilimia Sabini na Nane

Walikutana kwenye foleni ya steshenari iliyo mbele ya lango la chuo, siku ambayo printa moja ilikufa na watu arobaini wakaitegemea iliyobaki. Yeye alikuwa muuguzi anayesomea uzamili, bado yumo ndani ya sare nyeupe ya zamu. Kijana aliyesimama mbele yake alivaa shati la kijani lililopigwa pasi upande wa kifuani tu.

"Mgongo umeusahau," muuguzi alimwambia.

"Kamera haiuoni, dada."

Wanafunzi walimwita Profesa wa Dakika. Alifundisha kwa video za dakika moja mtandaoni, na wafuatiliaji wake walizidi wanafunzi wa chuo kizima.

Wakapendana. Kila jioni muuguzi alikuwa akiosha vyombo huku akimrekodia sauti kwenye simu, akimweleza tasnifu yake: kwa nini wagonjwa wakisharuhusiwa huacha dawa. Kijana alimtania, akamsikiliza.

Alipowasilisha tasnifu, programu ya chuo ya kukagua wizi wa maandishi ilijibu kwamba asilimia sabini na nane ya sura ya tatu tayari imo mtandaoni. Adhabu yake ni kufukuzwa. Akazitafuta video zenyewe, msururu wa dakika moja moja, kila neno limeandikwa chini: uso wa mpenzi wake, maneno yake yeye, jina lake halipo. Akampigia.

"Ulinipenda mimi au sura ya tatu?"

"Nilisema yanafaa watu wayasikie, mpenzi. Ngoja nizifute."

"Usifute. Andika hapo kwamba ni yangu. Wewe ndiye pekee unayejua yalikotoka."

Alikuwa ameshafuta. Zilibaki nakala mia tatu kwenye kurasa za watu wasiowajua. Ushahidi pekee sasa ulikuwa zile sauti za muuguzi mwenyewe, zenye tarehe za kabla ya video. Wiki mbili hakupokea simu ya kijana. Akizitoa sauti hizo, msimamizi wake wa tasnifu atasikia kila kitu. Asipozitoa, chuo ndiyo basi.

Akazitoa. Mbele ya kamati ya nidhamu ya watu watano, kijana naye akiwa ameitwa, mwenyekiti alibonyeza simu. "Mpenzi, acha kunichekesha, nisikilize." Maji ya bomba yakasikika, kisha kicheko, kisha sura ya tatu nzima. Msimamizi aliinamia karatasi zake. Mlango ulikuwa umefungwa, na muuguzi hakuwa na pa kuuweka uso.

"Mliandika pamoja?" mwenyekiti alimuuliza kijana.

Angeitikia, mwanamke angepewa onyo tu, na kijana angebaki na ukurasa wake.

"Hapana. Nilimwibia. Hata neno moja si langu."

Muuguzi akaondolewa kosa, na kijana akaamriwa aseme hivyohivyo kwenye ukurasa wake. Alisema, na kabla ya jua kuzama nusu ya wafuatiliaji walikuwa wameondoka, waliobaki wakimzomea.

Kesho yake alimngoja muuguzi kwenye ngazi za chuo.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini sauti yangu imo kwenye faili la kamati, watakaa nayo miaka mitano."

"Nitawaomba waifute."

"Wewe na kufuta." Alitaka kucheka, akajizuia. "Sikurekodii tena, hata salamu. Ukitaka kunisikia, njoo nilipo."

"Lini?"

"Zamu yangu inaisha saa kumi."