Taa Penye Mistari Iliyobanana

Tulitoka alasiri kumtafuta ngamia jike aliyepotea, mimi na shemeji yangu, ambaye jina lake mtaniwia radhi silitaji. Jua likazama hatujamwona. Nikaitandaza mchangani ramani niliyoachiwa na wapima ardhi niliowahi kuwaongoza.

"Kisima kiko hapa," nikamwonyesha. "Na hivi viraba ni nyumba."

"Nyumba za nani, Ghumur? Kijiji hicho kilihamwa hatujazaliwa. Karatasi yako haijui kuzika."

Nilicheka. Ndipo tukaiona taa.

Ilikuwa juu, upande wa mashariki. Kisha ikaja sauti ya mchi kinuni... tu, tu... tu, tu... Upepo ukaleta harufu ya uwele unaotwangwa.

Shemeji akasimama. "Yeye ndiye hutwanga hivyo," akanong'ona. "Mara mbili, anapumzika."

Yeye ni dada yangu, mkewe. Tulimzika kabla ya mvua, tukahamisha kambi siku ileile. Kwetu Watuareg marehemu hatajwi jina. Akitajwa, huja.

Niliinamia ramani. Pale penye taa, mistari ya mwinuko ilikuwa imebanana mpaka ikawa wino mtupu.

"Shemeji, pale ni genge wima. Hata mbuzi hasimami. Jifunike kinywa kwa kilemba, pepo wasikuingie, twende zetu."

"Ananingoja."

Akalitaja jina lake, kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani.

Mchi ukanyamaza.

Aliniponyoka, akakimbilia gengeni. Nilimsikia akicheka. Halafu taa ikazimika, na kicheko nacho.

Nilifungua kinywa nimwite, nikasita. Kama yu hai, jina litamrudisha. Kama amekwisha kufa, jina litamleta. Niliogopa, wallahi. Sikumwita.

Kulipokucha nilifuata nyayo zake. Zilifika kwenye mwamba, zikaishia hapo. Hapakuwa na maiti wala damu. Harufu ya uwele tu.

Mama yake, Bibi Raishatu, hataki kusikia kwamba amekufa. Kila magharibi husimama mlangoni pa hema akamwita kwa jina lake, aje ale. Namsihi anyamaze.

"Maiti ulimwona?" huniuliza.



Jana alipoita, aliitikiwa kutoka gizani. Ilikuwa sauti ya shemeji hasa, tulivu, yenye furaha.

"Tunakuja, mama."