Mashine Mpya kwenye TV ya Chogo

Kila siku akitoka shule, Gisèle alivua sare, akala viazi vilivyobaki mchana, kisha akaenda kufungua kibanda cha gemu cha baba yake, Anatole. Kilikuwa pale sokoni, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kuta za udongo, benchi mbili, na mezani mashine ya gemu, plestesheni namba mbili, pamoja na TV ya chogo, ile yenye mgongo mrefu kama mama aliyebeba mtoto. Ukilipa shilingi mia mbili, ulicheza mpira dakika kumi. Gisèle, binti wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyepangusa vumbi kwenye kioo, akaangalia saa, na kuwatoa waliogoma kutoka.

Alikuwa na kazi nyingine pia, na hiyo haikuwa na saa. Kule kwao Uvira, Kongo, Anatole alikuwa karani, Kifaransa chake kimenyooka kama mstari wa rula. Lakini huku Uganda, maofisini na madukani watu walisema Kiingereza na Kinyankole, na Kifaransa chake hakikununua hata chumvi. Basi popote alipokwenda, Gisèle alikwenda naye kumtafsiria. "Huyu ndiye kinywa changu," Anatole aliwaambia watu, na Gisèle alijisikia mrefu kuliko mlango.

Mwaka ule wa 2012, mfanyabiashara aitwaye Laurent alifungua kibanda chake ng'ambo ya barabara. Alileta TV ya flati, pana na nyembamba, pamoja na plestesheni namba tatu. Watoto wakahama kama nzige waliomaliza shamba.

"Kwa Laurent unaona mpaka jasho la muchezaji," Parfait, mwanafunzi wa darasa lake, alimwambia njiani. "Majani ya kiwanja unaweza kuyahesabu! Kwenu je? Bachezaji habana sura. Ni maharagwe yanakimbia!"

Wenzake wakaangua kicheko. Gisèle naye akacheka, maana mtu akichekwa peke yake anaumia zaidi. Lakini usiku ule maharagwe yale yalimkimbilia kichwani hadi akalala.

Nyumbani kulikuwa na pesa moja tu, nayo ilikuwa ya mabati. Paa lao lilikuwa turubai la msaada lililotoboka, na mvua ikinyesha mama alivuta godoro kutoka kona hii hadi kona ile. Alikuwa ameweka pesa hiyo misimu miwili, kutoka kwenye maharagwe ya shamba lao.

"Tununue mashine kama ya Laurent," Anatole alimbembeleza. "Kibanda kikijaa, mabati yatakuja yenyewe."

Mama alitazama matundu ya turubai. Mwishowe akafungua fundo la kitenge, akamhesabia pesa mkononi. "Mvua ya Septemba iko njiani, Papa Gisèle. Mukacheze na vingine, si na hii."

Jumamosi, Anatole na Gisèle walikwenda Mbarara na ile mashine yao ya zamani wakaitoe kama sehemu ya malipo. Muuza duka, Bwana Kabagambe, aliwasha plestesheni namba tatu kwenye TV ya flati iliyotundikwa ukutani. Gisèle akaona jasho. Akaona majani. Mate yakamjaa mdomoni kama mtu aliyenusa nyama.

"Muulize muzuri," Anatole alisema. "Sisi tuko na TV ya chogo. Itafaa?"

Gisèle akauliza kwa Kiingereza. Bwana Kabagambe akatikisa kichwa, akaeleza taratibu, kama mwalimu.

"Picha ya TV ni nukta nyingi ndogo," alisema. "TV ya flati ina nukta nyingi sana, ya chogo ina chache. Mashine hii inamwaga maji mengi, lakini TV yenu ni dumu lenye mdomo mwembamba. Itawaka, ndiyo, ila picha haitapita ile mliyoizoea. Hata maandishi yatakuwa madogo, hamtayasoma. Mwambie baba yako abaki na mashine yake. Kwa pesa hiyo nitampa namba mbili nyingine na TV ya pili ya chogo, na chenji itabaki. Wacheze wanne badala ya wawili."

"Anasema je?" Anatole aliuliza.

Gisèle alitazama ukutani. Kichwani mwake alimwona Parfait akipanga foleni mlangoni kwao, akibembeleza.

"Anasema itawaka, papa. Anasema picha itakuwa kama ya Laurent."

Anatole akalipa, akaacha na mashine yake ya zamani. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikuwa fupi kama ya kutoka Mbarara hadi Nakivale. Kesho yake baada ya ibada kibanda kilijaa pomoni. Anatole akachomeka waya, akabonyeza, akarudi nyuma na mikono kiunoni. Picha ikatokea, ile ile, na ukungu wake ule ule. Juu kwenye kona, pale pa magoli na dakika, kulikuwa na vidoa kama mavi ya nzi. Wachezaji wawili wakaanza kugombana nani anaongoza, maana hakuna aliyeweza kusoma.

"Maharagwe yale yale!" Parfait alipiga kelele. "Yamenunuliwa jezi tu!"

Kufikia Ijumaa benchi zilikuwa tupu. Jumamosi asubuhi Anatole alivaa koti lake la ukarani, akaifunga mashine kwenye boksi. "Yule mutu wa Mbarara ametuibia," alisema. "Twende."

 Kila walipokaribia kituo Gisèle alijiambia, nitasema hapa, kituo kikapita.

Dukani Anatole aliweka boksi juu ya meza kwa kishindo. "Mwambie alitudanganya. Mwambie alikula mabati ya batoto yangu!"

Bwana Kabagambe alimtazama Gisèle, akingoja. Gisèle aliinamisha uso, akachezea kamba ya boksi.

"Hutaki kusema? Basi nitasema mwenyewe," Anatole alisema, jasho likimtiririka. Katika Kinyankole chote alijua maneno machache, na moja kati ya hayo ni omushuma, yaani mwizi. Akageukia mlango. Nje walikaa vijana wa bodaboda sita au saba, na tayari wawili walikuwa wamesimama kutazama kuna nini. "Omu..."

"Papa, usiseme!" Gisèle alimshika koti kwa mikono miwili. "Si mwizi! Alituambia. Alisema yote siku ile. Ni mimi sikukuambia."

Anatole akafunga mdomo. Vijana wa bodaboda walingoja kidogo, wakaona hakuna jambo, wakakaa.

"Sema sasa," Anatole alisema, sauti ikiwa chini. "Kila neno, kama alivyosema."

Gisèle alisema: nukta, dumu, maandishi madogo, na ile TV ya pili. Alilia, lakini hakuruka hata neno moja. Alipomaliza, baba yake alivua kofia mbele ya muuza duka. "Mwambie ninaomba musamaha. Hilo utafsiri sawasawa."

Bwana Kabagambe hakuwa mtu mbaya, ila duka ni duka. Mashine iliyotoka na kurudi bei yake imeanguka. Aliwapa namba mbili, kuukuu kuliko ile waliyoitoa, na sehemu ya pesa isiyofika nusu ya mabati.

Kibanda kikafunguliwa tena. Anatole akashusha bei hadi shilingi mia, na watoto wasioweza kwenda kwa Laurent wakarudi mmoja mmoja. Mvua ya Septemba ikaja na kumkuta mama akivuta godoro. Hakumgombeza Gisèle. Alimpa tu bakuli la kukinga matone, akageukia ukutani.

Jumanne Anatole alitakiwa kwenye ofisi ya kadi za chakula. Gisèle alivaa viatu akasimama mlangoni. Baba yake akampita, akaenda kumwita Nathalie, binti wa jirani, amtafsirie.

Aliporudi alimkuta Gisèle bado amekaa pale pale na viatu vyake.

"Papa, hunitaki tena?"

Anatole akakaa karibu naye. "Mutoto wangu, pesa ikiibwa nitalima, nitapata ingine. Lakini katika nchi hii mimi ni bubu. Ukiniibia maneno, nitajua wapi kama nimeibiwa? Ningemwita mutu wa haki mwizi, na bale bangemupiga. Anayesema kwa niaba ya mwenzake analeta yote, tamu na chungu. Akichagua tamu tu, amemuuza."

Gisèle akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Nathalie anasema pole pole sana," Anatole aliongeza alipokuwa akiinuka. "Lakini kile alichoambiwa, ndicho nilichosikia."