Kahawa ya Murad

"Kunyweni kahawa yenu," alisema Abu Laith. "Mliloliomba mmelipata."

Hapa Irbid, baba wa binti akishatamka hivyo, posa imekubaliwa. Wazee waliokuja na Murad waliinua vikombe vyao kwa furaha. Murad peke yake hakugusa chake.

"Kunywa, mwanangu," ami yake Fawwaz alimnong'oneza. "Watadhani tumewaletea bubu."

"Siwezi, ami."

"Kuna sumu?"

"Nisrin alifeli kwa sababu yangu."

Vikombe vilirudi chini, kimoja baada ya kingine.

Nisrin, binti mwenyewe, ni muuguzi. Alitaka kwenda ng'ambo kufanya kazi Leeds, na bila mtihani wa Kiingereza haendi mtu. Murad ndiye aliyekuwa akimfundisha majira yote ya baridi, sebuleni humu humu, mama mtu akipita na chai kila dakika kama askari wa zamu.

"Huku ndiko kukimbia," Murad alimwambia siku moja, akilizunguka kochi mbio mpaka binti akacheka.

"Basi? Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Mwongo mkubwa. Kwa Kiingereza pua ikitoka kamasi hukimbia, bomba likitoa maji hukimbia, hata mwenye duka anayeliendesha hulikimbiza. Mgonjwa akizimia wanasema amepita. Hayo ndiyo hasa huulizwa wauguzi, na Murad aliyajua yote. Lakini kila Nisrin aliposema "nikifika Leeds", roho ilimuuma, naye akamfundisha kukimbia kwa miguu tu. Kuanguka, kubeba na kupita alivifundisha vivyo hivyo, nusu nusu. Binti akafeli, akakata tamaa, akakubali kuposwa.

"Chukueni kijana wenu," alisema Abu Laith. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha zaidi.

Pazia la ndani likafunguka. Nisrin alisimama pale na nguo yake ya posa.

"Mtahini aliniuliza nimsaidieje mgonjwa ambaye pua yake inakimbia," alisema. "Nikajibu apumzike, asikimbie tena. Akacheka. Nilirudi nikalia, na wewe ukaniletea kunafa tamu, nijiliwaze. Ukaniambia ni kudra ya Mungu."

"Niliogopa utaondoka."

"Ungeniomba nibaki."

"Ungebaki?"

"Sasa hatutajua, Murad."

Aibu ilimjaa hata asijue aweke wapi mikono. Nisrin alikichukua kikombe cha Murad kilichopoa ili akirudishe jikoni.

"Kesho alasiri uje," alisema akiwa mlangoni. "Uje na kitabu kizima."

"Nisrin," baba yake alianza.

"Baba, ameniharibia yeye. Atatengeneza yeye."

Murad alikwenda, kesho yake na siku zilizofuata. Safari hii mama mtu hakupita na chai. Alikaa kitako kati yao, na chai yenyewe haikuonekana. Murad alimfundisha Nisrin kila kitu, akijua kila neno linamsogeza karibu na ndege. Hakuna aliyecheka.

Nisrin alifaulu. Akaondoka, na Murad hakuambiwa siku ya safari.

Baridi ilipofika, simu ya Murad ikaingia ujumbe. Alikuwa dukani kwa ami yake, na alipoona jina akakaa juu ya gunia la mchele.

"Pua inakimbia tangu Jumatatu," aliandika Nisrin. "Nimemwambia msimamizi wangu hivyo hivyo. Amenielewa."

"Pole. Kunywa kitu cha moto."

"Narudi Idi. Mwambie ami yako Fawwaz akusanye wazee."

Murad alisoma ujumbe ule mara mbili. Furaha ilimjia, lakini hatia ikaitangulia mlangoni.

"Baba yako je?"

"Nimeshazungumza naye. Kahawa nitachemsha mimi."

"Nisrin, umenisamehe?"

Ami Fawwaz aliuza sukari, akauza sabuni, akamuuliza kijana kama amefiwa. Ndipo jibu likaja.

"Bado. Lakini njoo."