Uzi wa Mafundo

Jua lilikuwa linazama Fundi alipotoka kwenda kuazima sindano ya cherehani. Yake ilikuwa imevunjika, na hakupenda hata kidogo kubisha hodi chumba cha pili. Humo ndimo alimoshonea mdogo wake, binti wa mama yake mdogo, ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kutunga uzi hadi kukata shingo ya gauni. Siku hizi wateja walimpita Fundi mlangoni kama hawamwoni, wakaenda kwa mdogo. Na kwa kuwa vyumba vilitenganishwa na ubao mwembamba tu, kila kicheko cha huko alikisikia. Kijicho kilimkaba roho. Hata usingizi kilimnyima.

Mlango wa mdogo ulikuwa wazi nusu. Ndani alisimama mteja mrefu, amejitanda kitambaa usoni mpaka chini ya macho. Chumba kilinuka udongo mbichi... na mvua haikuwa imenyesha.

"Ni gauni la binti yangu," mteja alinong'ona. "Mwili wake kama wako. Nikupime wewe."

"Sawa, mama. Tepu hii hapa."

"Ninayo yangu."

Akachomoa uzi mweusi. Akaupitisha begani kwa mdogo, akapiga fundo. Kifuani, fundo. Kiunoni...

Fundi aliganda kizingitini. Aliye hai hupimwa kwa tepu. Uzi wa mafundo hupimiwa maiti. Mafundi wa zamani wote walilijua hilo, lakini mdogo hakulijua, maana Fundi, aliyemfundisha, alimficha kusudi, hilo pamoja na mengine, asije akapitwa naye.

Neno moja lingetosha.

Mdogo akainua macho. "Dada, karibu. Mbona umesimama nje?"

Mteja naye akageuka. Akamtazama Fundi, taratibu, kama anayesubiri kusikia atasema nini.

"Nitarudi baadaye," Fundi akasema.

Moyoni aliongeza: acha na yeye aonje.

Tangu jioni ile mdogo alianza kukonda. Nguo zilimpwaya, mikono ikatetemeka, mishono ikaenda upogo. Wateja wakahamia kwa Fundi, naye akawapokea kwa bashasha. "Maskini mdogo wangu, anaumwa," aliwaambia, huku mkono umeshapokea kitambaa.

Kisha jioni moja, ubao ukagongwa.

Ngo... ngo...

"Dada... kuna uzi unanibana. Njoo uukate."

Fundi alishika mkasi. Alisimama kabisa, akapiga hatua. Halafu akaliona rundo la vitambaa mezani, vyote vya watu waliokuwa wa mdogo. Akaketi, akakanyaga pedali. Cherehani ikanguruma. Sauti ya upande wa pili ilipopanda, naye aliongeza mwendo, mpaka asisikie kitu.

Alipoacha, palikuwa kimya.

Asubuhi majirani walivunja mlango. Mdogo alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake, amekauka, mwepesi kama mtoto. Begani, kifuani na kiunoni alikuwa na mistari myembamba myeusi. Daktari alisema ni ugonjwa wa damu. Fundi alilia kuliko wote, na machozi yale yalikuwa ya kweli, kwa sababu alimpenda yule binti. Chumba kikafungwa kwa kufuli.

Wateja walizidi kumiminika. Jioni moja, baada ya wa mwisho kuondoka, Fundi aliinama kuokota sindano. Akanusa udongo mbichi.

Kitu chembamba kikamgusa begani.

"Siku ile nilikusubiri useme," sauti ilinong'ona nyuma yake. "Ungesema, ningeondoka zangu."

Fundo.

Fundi aliurukia ubao, akaupiga kwa ngumi zote mbili. "Jamani, nisaidieni! Mdogo wangu... nisamehe... nisaidie!"

Upande wa pili, ndani ya chumba kilichofungwa, pedali ililia. Cherehani ikaanza kunguruma, na kila alipopaza sauti, nayo iliongeza mwendo.