Vidole Viwili vya Pindo

Kila asubuhi mama fundi alifungua mlango, akafuta vumbi kwenye cherehani yake, akaketi kwenye kigoda. Kigoda chenyewe kilikuwa kifupi mno. Mumewe ni seremala. Kilipoyumba, alikata mguu mmoja. Kikayumba upande wa pili, akakata tena. Kweli mganga hajigangi! Basi magoti ya mkewe yalipanda juu, mgongo ukapinda, kidevu kikaegemea kifuani.

Ijumaa alikuwa na usaili. Chuo cha ufundi kilitafuta mwalimu wa ushonaji. Mwaka uliopita alijaribu, sauti ikamkwama kooni, akarudi nyumbani analia. Safari hii alijishonea gauni jipya, refu. Mumewe ndiye aliyempima.

Jumatano jirani yao alikuja kuchukua sketi yake. Yeye hufanya kazi hospitali, akiwasaidia wagonjwa kunyoosha viungo. Alimkuta mama fundi analijaribu lile gauni.

"Limekukaa, mwenzangu! Hebu simama wima."

Akasimama wima. Pindo la mbele likapanda, la nyuma likaburuza chini.

"Maskini mimi! Nimekosea kukata."

"Hujakosea. Ulipimwa umejikunja."

Machozi yakamlengalenga mama fundi. "Kumbe hata nguo yangu inajua kwamba mimi ni wa kushindwa."

"Usiseme hivyo. Ukijikunja kutwa, pumzi inakuwa fupi na sauti inafifia. Moyo nao unaweza kunyong'onyea. Nisikudanganye, kukaa wima hakuondoi kila huzuni. Lakini wengi wakiinua kichwa hujisikia nafuu kidogo, wakathubutu kusema."

"Nikae kama askari wa gwaride?"

"Wapi! Askari amejikaza. Wewe legeza mabega. Nyayo zikanyage chini zote. Vuta pumzi polepole. Na kila nusu saa uinuke, utembee kidogo." Akakitazama kigoda. "Hiki nacho kimetoka wapi?"

Seremala, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. "Ni kazi yangu, shemeji. Nipe mpaka jioni."

Jioni alileta kiti chenye egemeo, kimo sawasawa na cherehani.

"Nisamehe, mke wangu. Natengeneza viti vya watu, chako nikakisahau."

Akampima upya, safari hii mkewe amesimama wima. Mama fundi akafumua pindo la mbele, akaliongeza vidole viwili, la nyuma akalipunguza.

Ijumaa alisimama mbele ya wasaili. Mabega yakaanza kuanguka. Mara pindo la mbele likashuka, likamgusa vidole vya miguu. Akakumbuka. Akainua kichwa, akavuta pumzi, akaanza kueleza jinsi ya kukata kola. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Kazi akaipata.

Siku ya kwanza darasani, wanafunzi walijifunza kupimana. Binti mmoja alisimama mbele ya mama fundi amejikunja, macho chini. Mwalimu akaishusha futi ya kupimia.

"Pumua kwanza, mwanangu," alisema. "Sina haraka. Nitakupima ukishainua kichwa."