Presha ya Penina

Ukitaka kumpata Penina siku ya soko pale Kibaigwa, huna haja ya kuuliza mtu. Fuata sauti.

"Sogeza fuso! Wewe wa Dar, sogeza fuso, mahindi hayatembei yenyewe!"

Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano, aproni yenye mifuko mikubwa juu yake, raba za kiume miguuni, na mkononi bambo, kile chuma kirefu ambacho madalali huchomea gunia ili waone kama mahindi ya katikati yanafanana na ya juu. Umri wake miaka thelathini na sita, mwili umejaa, cheko lake linasikika hadi barabara kuu. Miaka kumi na miwili ya udalali hajawahi kumwambia mnunuzi kwamba mahindi ni makavu wakati ni mabichi. Kuna wenye malori Dar es Salaam waliochukua gunia mia mbili bila kuziona, kwa kauli yake tu, na hilo ndilo alilojivunia kuliko kitu kingine chochote duniani.

Basi alikuwa anapita mbio karibu na turubai la timu ya afya lililofungwa ukingoni mwa soko, mwanamume mmoja akamsimamisha.

"Dada, kaa kidogo nikupime presha. Ni bure."

"Bure? Kaka, mimi dalali. Nikisikia bure nashika mkoba wangu."

Mwanamume akacheka. Shati jeupe limenyooshwa vizuri, mikono imekunjwa hadi kwenye kiwiko, miwani, na macho yale ya upole ambayo Mungu huwapa watu wachache na kuwaacha watusumbue sisi wengine. Jina lake Octavian, afisa lishe, kwao Bukoba, amehamia Dodoma mwaka huo huo. Penina akaketi. Angekuwa mwingine angepita.

Mashine ikamkaba mkono, ikapumua, ikaandika: mia hamsini na nane kwa tisini na nane. Ikapimwa mara ya pili, ikarudia vilevile. Kwenye mizani akasoma kilo mia moja na nne.

Mama yake aliangushwa na kiharusi akiwa na miaka arobaini na mmoja, huku anapakua chakula, na hakutamka neno tena hadi anazikwa. Penina alikuwa amebakiza mitano kufika hapo.

Daktari wa timu ile, mama mmoja mchangamfu aitwaye Munira, alimweleza bila kumficha. "Nakupa miezi mitatu. Punguza uzito, badili chakula, tembea. Octavian atakuongoza. Isiposhuka, tunaanza vidonge, na hakuna aibu katika vidonge. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Kuanzia hapo, kila saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ilikuwa inalia.

"Peni, umeshaanza kutembea?"

"Niko njiani, bwana lishe. Mbuzi wananishangaa."

"Chumvi?"

"Nimeifukuza nyumbani. Na vile viungo vya pakiti nimevitupa, kama ulivyosema."

"Ugali?"

"Wa uwele, ngumi moja. Ngumi yangu lakini, siyo yako."

"Na nusu ya sahani mboga. Kula mboga zenu za asili, zile nzuri kabisa. Mlenda, kwa mfano."

"Mlenda! Mhaya wewe, mlenda unaujulia wapi?"

"Nimesoma."

"Umesoma, hujala. Makubwa haya."

Shangazi Dorkasi, aliyemlea Penina na ambaye bado anampikia, alifurahi kusikia kuna msomi mjini anayesifia mlenda. Akaupika mchana, akaupika jioni. Chipsi zikaaga, soda zikaaga, na gauni la njano likaanza kucheza kiunoni. Mwezi wa pili ulipoingia, simu za asubuhi hazikuwa za lishe tena. Octavian alikuwa anapanda basi kila Jumamosi kuja kumpima, na baada ya kumpima dakika tano alikuwa anakaa saa sita. Walikula matango barazani, wakabishana kama senene ni chakula au ni wadudu, na siku moja alipomshika mkono bila mashine yoyote, Penina alihisi moyo unagonga hadi akaona aibu.

"Hapa usinipime," alimwambia. "Utaniandikia vidonge."

Alikuwa amependa. Alikuwa na furaha ya kipumbavu, ya kuimba huku unaosha miguu.

Kitu kimoja tu kilikataa kushuka. Kilo nane zilikuwa zimeondoka, lakini Jumamosi ya wiki ya saba mashine ilisema mia hamsini na sita kwa tisini na nane. Octavian alipima mara tatu, akaondoka mapema akisema ana kazi mjini.

Kumbe njiani akajuta. Akashuka, akanunua kilo mbili za zabibu, akapanda basi la kurudi ili amshtue mpenzi wake kwa furaha. Akamkuta sokoni, kwenye banda la nyama choma, ameshika kisu, mbele yake sinia la mbuzi lililomwagiwa chumvi na pilipili, vidole vinang'aa mafuta. Madereva wanne wa Dar walikuwa nyuma wananawa mikono.

"Peni."

"Okta! Umerudi!" Akanyanyuka, uso wote ni cheko. Kisha akauona uso wake.

"Nilikuwa najiuliza wiki hizi zote," Octavian alisema taratibu. "Mtu anapungua, halafu presha haishuki. Sasa nimeona."

"Umeona nini? Hawa ni wageni wangu. Nawakatia nyama, sijatia hata kipande mdomoni."

"Peni, mashine haidanganyi."

Yahaya, dalali mwenzake wa miaka yote, akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo anayedanganya ni mimi," Penina akasema.

Octavian hakujibu. Angejibu tu! Angesema hapana, angesema sijui. Alisimama na mfuko wake wa zabibu, na kimya chake kikasikika na madereva wanne, mchoma nyama, na Yahaya.

"Watu wananunua gunia mia mbili kwa kauli yangu," Penina akamwambia. "Wewe huniamini hata kiasi cha mnunuzi wa mahindi. Nenda Octavian. Panda basi lako, nenda."

Aliizuia namba ya Octavian jioni ile. Alilia, usidhani hakulia. Alilia hadi shangazi akaja kukaa kitandani kwake. Lakini asubuhi akavaa raba akatembea, na mchana akala uwele wake na mlenda wake, kwa hasira. Tonge baada ya tonge. Alitaka awe sahihi hata kama hakuna wa kumwona.

Siku kumi na moja zikapita hivyo.

Ya kumi na mbili, soko limefurika, fuso la vitunguu likitokea Dodoma likasimama vibaya katikati ya barabara, na mtu akaruka kutoka mbele kabla halijatulia. Shati limechafuka vumbi, miwani imekaa upande.

"Peni! Ni magadi! Peni, ni magadi!"

Wabeba mizigo wakageuka. Penina akabaki na bambo ndani ya gunia.

"Magadi gani? Umechanganyikiwa?"

"Jana nilikula mlenda kwa mama ntilie mmoja kule mjini." Alikuwa anahema. "Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikamwambia mama, chumvi imezidi. Akasema humu hamna chumvi hata punje, ni magadi tu. Peni, shangazi anaweka magadi?"

"Si lazima aweke? Mlenda bila magadi utaiva vipi? Kila mtu anaweka."

"Kiasi gani?"

"Sijui. Konzi moja. Mara mbili kwa siku. Lakini chumvi tuliacha, Okta, nakuapia. Magadi si chumvi, magadi ni magadi."

"Magadi yanapandisha presha kama chumvi! Ni mamoja, mwilini ni mamoja!" Akashika kichwa kwa mikono miwili, anacheka na macho yamejaa machozi. "Ulifuata kila nilichokwambia. Mimi ndiye niliyekulisha. Nilikwambia kula mlenda, sikuuliza unapikwaje."

Penina akaachia bambo ndani ya gunia. Kwa hiyo hakuwa mgonjwa asiyetibika. Kwa hiyo yale ya mama yake hayakuwa yameandikwa kwake. Alitamani kumrukia pale pale, lakini dalali ni dalali, akakunja mikono.

"Ulinivunjia heshima mbele ya watu. Watu hawa hapa. Waambie."

Octavian akageukia soko zima, vumbi na yote. "Jamani! Huyu dada hakudanganya. Alisema kweli tangu siku ya kwanza, mimi nikaamini mashine nikamwacha yeye. Mwenye makosa ni mimi!"

"Hatujasikia huku nyuma!" Yahaya akapiga kelele, mshenzi, alikuwa amesikia vizuri sana.

Octavian akarudia kwa sauti kubwa zaidi, soko likapiga makofi, na dereva wa fuso akapiga honi.

Jioni akapelekwa jikoni kwa Shangazi Dorkasi. "Mbukwenyi, shangazi," akamsalimia kwa Kigogo chake cha kuazima, kisha akaongeza shikamoo ili kujihami. Shangazi alishtuka kuhusu magadi hadi akakaa chini. Ni Octavian aliyembembeleza, wakajaribu mlenda kwa nyanya na karanga tupu. Haukuvutika kama wa kwao. Waliumaliza.

Miezi mitatu ilipotimia, Penina alikwenda mjini kwa Daktari Munira, gauni la njano limepunguzwa na fundi pande zote mbili. Mkono ulipokwisha kufungwa mashine, Octavian akasema, "Daktari, subiri kidogo."

Akachuchumaa mbele ya kiti. "Peni, nataka kusema kabla mashine haijasema. Nataka kutuma washenga kwenu. Ikisoma vizuri nataka, ikisoma vibaya nataka vilevile."

"Na nikikwambia nimefuata kila kitu?"

"Umefuata."

"Hujaona namba."

"Siihitaji."

Penina akajaribu kucheka, ikashindikana. "Watume basi," akasema. "Watume upesi, Mhaya wewe, unangoja nini?"

"Mkono utulie jamani, mnaniharibia kipimo!" Munira akasema, na yeye anajifuta macho. Akawanyamazisha dakika tano, akabonyeza, akasoma kwa sauti.

Walipotoka nje, Penina akapiga simu. "Shangazi! Jumapili ijayo tuna wageni! Wahaya, watakuja wengi, na wote wanapenda kuongea!"

Vigelegele vilitoka kwenye simu hadi wapita njia wakageuka. Kisha shangazi akavuta pumzi. "Na presha je, mwanangu? Imesoma ngapi?"

Penina akamtazama Octavian. "Daktari alisema ngapi?"

"Mimi sikusikia."

"Hata mimi."

Ikabidi warudi ndani wakibisha hodi kama wageni, na Munira, bila kuinua kichwa, akawanyooshea karatasi aliyokuwa ameshawaandikia: mia thelathini na mbili kwa themanini na nne, vidonge bado havihitajiki, rudi mwezi ujao.