Hodi Ukumbini

Mchana mmoja rafiki yangu, fundi umeme, aliitwa kurudisha taa zilizozimika katika ukumbi wa michezo wa mji. Ukumbi ule umebeba mengi: ndondi, kikapu, mitihani, na mwaka ule wa maradhi, vitanda vya wagonjwa. Mkewe alifia humo, naye alizuiwa mlangoni, hata kuagana hawakuagana. Tangu hapo hakuwahi kuingia.

"Piga hodi kwanza, fundi, wenyeji wasikushtukie," mlinzi alimtania.

"Wenyeji gani, bwana? Popo?"

Lakini alipofika gizani neno lilimponyoka: "Hodi!"

Mwangwi ukazunguka viti vitupu: hodi, hodi, hodi. Akaanza kupapasa ukuta kutafuta sanduku la swichi, apate kumaliza haraka atoke. Ndipo aliposikia ndala zikiburutwa sakafuni, taratibu, kama za mgonjwa, zikija upande wake. Zikasimama.

"Hodi, mama watoto," alisema.

Safari hii ukumbi haukumrudishia neno lake. Jibu lilitoka karibu kabisa na sikio lake, kwa sauti ya chini:

"Karibu. Leo wamekuruhusu?"